Tiba ya nafsi kwa simu kwa vijana wakimbizi wa Kiarabu: msaada wa kweli au serikali kukwepa gharama?

MTU WA ROSENGÅRD (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Naleta mada inayotugombanisha kazini karibu kila siku, na nataka nisikie hata walio mbali nayo.

Niko kwenye kituo cha vijana hapa Malmö. Mwaka 2015 Sweden ilipokea maombi ya hifadhi karibu 163,000. Ya Wasyria peke yao yalizidi 51,000. Mtoto aliyeshuka kwenye treni akiwa na miaka minane, leo anaota ndevu, na wengi wa rika lake ndio wanaotujia. Usingizi haumjii, chakula hakipandi, darasani anaingia siku akitaka. Ukimuuliza, anakwambia kichwa kinamuuma. Foleni kwenye kliniki za akili za watoto na vijana ilikuwepo hata kabla hawajafika, na mtaalamu wa saikolojia anayejua Kiarabu ni wa kutafuta kwa tochi.

Wakati huohuo Sweden imekuwa ikitibu sonona (huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi kwa mtandao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Linköping, wametengeneza matoleo ya Kiarabu. Mgonjwa anapata somo fupi na zoezi kila wiki: namna ya kurudisha usingizi, kukabili jambo unalolikwepa, kulikagua wazo linalokuzungusha usiku kucha. Anaandika, na mtaalamu anasoma na kumjibu. Haitoshi kutafsiri tu, na ndiyo maana wanasema tiba "imerekebishwa kwa utamaduni": mifano inabadilishwa ilingane na maisha ya mtu aliyeacha ndugu vitani, familia na dini vinapewa nafasi, na maumivu ya mwili yanachukuliwa kwa uzito, kwa kuwa wengi watakwambia kifua kinabana kabla hawajakwambia wana huzuni. Jaribio dogo la watu wazima 59 hapa Sweden, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili za sonona zilipungua kwao kuliko kwa wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu.

Swali: je, huu ufanywe mlango wa kwanza kwa kila kijana anayezungumza Kiarabu, kabla hajaonana na mtu ana kwa ana? Mimi nasema mlango uwepo. Namna wahasibu wanavyoutaka ndiyo nisiyoikubali, na nitaieleza nikishawasikia.

MZEE WA BUGURUNI

Mimi niko Dar, theluji naiona kwenye runinga, kwa hiyo mnivumilie.

Huyo kijana wenu, nyumba yao Aleppo ni kifusi. Baba yake aliyekuwa fundi wa kuheshimika anahangaika na fomu za kutafuta kazi kwa lugha asiyoijua. Kibali chao cha kuishi kina tarehe ya mwisho. Yote hayo yapo nje ya kichwa chake. Halafu mnampa zoezi akague mawazo yake! Akague nini? Kinachomsumbua kina muhuri wa serikali.

La pili, watu hawa wana msikiti, wengine wana kanisa, wana shangazi na wajomba. Sisi tulivyokua, mtu akichanganyikiwa na msiba anakalishwa na watu. Ninyi mnamwongezea saa za kukaa peke yake na simu, na simu yenyewe ndiyo inayomletea picha za mabomu usiku. Hebu nifafanulieni.

PWANI-NEUKÖLLN

Shikamoo mzee. Mimi ni mkalimani wa Kiarabu na Kijerumani hapa Berlin, nikujibu kwa ninayoyaona.

La kibali umesema kweli tupu. Ujerumani ilisimamisha kuwaunganisha na familia zao wenye hifadhi ya daraja la pili (wanaolindwa bila kupewa hadhi kamili ya ukimbizi) tangu Machi 2016 hadi katikati ya 2018, ikaja kuruhusu watu 1,000 kwa mwezi, na Julai 2025 ikasimamisha tena kwa miaka miwili. Sweden nayo tangu 2016 inatoa vibali vya muda. Assad alipoanguka Desemba 2024, siku hazikupita nchi kadhaa za Ulaya zikaweka kando maombi ya Wasyria. Vijana waliokuwa wameanza kulala wakarudi kukesha. Lakini mzee wangu, kumnyima kijana namna ya kupata usingizi hakutamfanya waziri abadilishe sheria. Atakosa vyote viwili.

La shangazi na msikiti, hapo ndipo tunapoachana. Nikupe picha, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane mtu. Tupo watatu chumbani: mtaalamu Mjerumani, kijana wa miaka 17 kutoka Deir ez-Zor, Syria, na mimi. Kabla hajamjibu mtaalamu chochote, ananigeukia na kuniuliza kwa Kiarabu mimi ni mtu wa wapi na lugha nimeijuaje. Usidhani ni maneno ya kuzoeana; anapima mimi nafahamiana na nani. Nikimwambia kwetu ni Lamu, Kiarabu nilikipata Khartoum nikisoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, mabega yanashuka. Sina ukoo na mtu wao. Mkalimani aliyenitangulia alikuwa mtu wa mkoa wao, na kwake kijana alikuwa "sawa, alhamdulillahi" vikao vyote, kwa sababu alikuwa akimkuta dukani mtaa wa Sonnenallee, anasalimiana na mama yake.

Mzee, jamii inayomkalisha mtu ndiyo hiyohiyo inayompa jina la mwendawazimu. Kwa msichana ni zaidi, maana wapo watakaouliza habari zake kabla ya posa.

Halafu kuna fedha. Bima za afya za umma Ujerumani hazilipii mkalimani. Mwomba hifadhi katika miezi 36 ya mwanzo anapata hasa matibabu ya ugonjwa wa ghafla na maumivu. Tiba ya nafsi ya muda mrefu ni ya kuombea kibali mezani kwa ofisa. Kwa hiyo usilinganishe simu na daktari mzuri anayemsubiri kijana. Linganisha simu na barua ya kumwambia asubiri.

Na hii ya Kiarabu haikuanza jana. Kituo cha kutibu walioteswa hapa Berlin kilianzisha tiba ya mtandao iitwayo Ilajnafsy wakati Iraki inawaka. Mtu anaandika kwa dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano, habari ya lile tukio lenyewe, na mtaalamu anayejua Kiarabu anamjibu kwa maandishi. Hawaonani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watu 159, wengi Wairaki, na zaidi ya nusu ya waliomaliza walipona kiasi cha kutohesabika tena kuwa na maradhi ya kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya vita au mateso. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya sura ya mwenzake, ila ataiandikia simu saa saba usiku.

DAFTARI LA TAKWIMU

Dada, "waliomaliza" ndilo neno la kukamata hapo. Katika utafiti huo huo, kundi lililotibiwa lilipoteza watu wengi njiani. Hii ni desturi ya tiba za mtandao, na ukisoma kichwa cha habari tu hutaiona.

Niongeze ambalo wapenzi wa simu hawalisemi. Leipzig, Ujerumani, watafiti walitengeneza programu ya simu iitwayo Sanadak, ya Kiarabu, kwa wakimbizi wa Syria wenye dalili za kiwewe. Imeandaliwa vizuri, lugha yao, mifano yao. Ila unaitumia mwenyewe, hakuna anayekuandikia. Wakawagawa watu 133: wengine programu, wengine vijitabu vya maelezo. Matokeo ya 2021: kwa dalili za kiwewe programu haikuvishinda vijitabu. Ilichopunguza ni ile aibu ya mtu kujiona ana kasoro.

Sasa linganisheni na Lebanon. Shirika la Afya Duniani na wizara ya afya ya kule walikuwa na programu ya hatua kwa hatua, yenye hadithi ya mtu mwenye matatizo kama yako. Wasyria 569 waliingizwa kwenye jaribio lililotoka 2022. Sonona ilipungua, si kwa muujiza, kwa kiasi cha kati. Wengi nao hawakufika mwisho. Tofauti kubwa ni kwamba huko kulikuwa na mtu: msaidizi asiye daktari, aliyefundishwa na kusimamiwa, anayewasiliana na kila mmoja kama dakika 15 kwa wiki.

Kwa haki niseme majaribio haya mawili hayalingani moja kwa moja. Moja ni la kiwewe, jingine la sonona, na waliolinganishwa nao walipewa vitu tofauti. Hata hivyo ukiniuliza fedha ya walipa kodi iende wapi, nitasema ikamlipe mwenye kujibu. Programu tayari zipo.

NESI WA ARUA

Nawasoma nikiwa West Nile, nacheka kidogo na "simu ya kila mtu".

Rhino Camp hapa Uganda ilifanyika kazi ambayo wenzetu wa Ulaya wangeiangalia. Wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, vijiji vikagawanywa kwa kura. Mafunzo ya kukabili msongo yalirekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Wanakaa pamoja kama ishirini na zaidi, sauti inachezwa, kuna kitabu cha picha kwa asiyesoma, na wanaoongoza ni wanawake wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Vikao vitano. Baada ya miezi mitatu msongo ulikuwa umepungua kuliko kwa wenzao, na utafiti ukachapishwa mwaka 2020. Hakuna intaneti, hakuna neno la siri la kusahau, na mtu asipotokea wenzake wanapita kwake kumuuliza kulikoni.

Mzee wa Buguruni, hapo umepata kura moja: kukaa na watu kunatibu.

Ila walikuwa wanawake watu wazima, na hakuna aliyelazimika kusimulia yaliyompata. Vijana wa kiume sijui ungewakalisha vipi kwenye mkeka. Na tangu vita vya Khartoum Aprili 2023, makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo hapa Uganda yamejaa Wasudani wa mjini, wanafunzi wa vyuo, watoto wa madaktari. Hao simu wanazo, wanaandika Kiarabu kuliko ninavyoandika Kiswahili, na kundi la mkekani wanaliona la kijijini. Kwao nadhani hiyo ya mtandao ingefaa, wakipata bando. Kwa msichana anayeazima simu ya kaka yake haifai kabisa, kaka atasoma yote.

MAMA TURKU

Nesi amegusa penyewe. Nani atasoma?

Mimi niko Finland. Oktoba 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo zimeibwa. Wagonjwa wapatao 33,000. Mwizi akaanza kuwaandikia mmojammoja: lipa, la sivyo uliyomwambia mtaalamu wako yanawekwa hadharani. Na hao ni raia, wana wakili, wana pasipoti. Mkimbizi atamlalamikia nani?

Ujerumani nako tangu 2017 sheria iliruhusu maofisa wa uhamiaji kuchukua data kwenye simu ya mwomba hifadhi asiye na hati, ili wajue katoka wapi. Mahakama kuu ya masuala ya utawala ilisema Februari 2023 kwamba kuzikagua simu mwanzoni kabisa, kama utaratibu wa kila mtu, si halali. Lakini kijana aliyekwishanyang'anywa simu mezani pa serikali, leo mnamwambia aandike humohumo jinsi alivyovuka mpaka na nani alimsaidia? Mimi ningekuwa mama yake ningemkataza.

Na kwa umama huohuo: binti yangu ana miaka 16. Sipendi azungumze mambo ya nyumbani kwangu na mtu nisiyemjua, hata awe na vyeti ukuta mzima. Mnaweza kuniita mshamba.

PWANI-NEUKÖLLN

Hakuna anayekuita mshamba, dada. Ila binti yako huenda ana la kusema ambalo si la nyumbani kwako.

MSWAHILI WA MUSCAT

Swali dogo la mtu wa Oman. Kijana aliyeingia Sweden na miaka saba, kasomea huko, Kiarabu cha vitabu kakisomea wapi? Jirani zangu wana wajukuu Ulaya. Wanaongea na bibi vizuri sana, ukiwapa gazeti wanaliangalia kama mchoro. Wanaandikiana kwa herufi za Kilatini na tarakimu. Isije ikawa mnamtengenezea baba mtu halafu mnasema ni ya mtoto.

MTU WA ROSENGÅRD (mleta mada)

Muscat, hilo ndilo ninaloligombea kazini. Kitengo kikisikia "kijana wa Kiarabu" kinachomoa toleo la Kiarabu na kuona kimemheshimu. Wiki zilizopita msichana mmoja alifungua somo la kwanza mbele yangu, akasoma mistari miwili kwa kidole, akaniuliza kama naweza kumtafsiria kwa Kiswidi. Aliyekuja na miaka 16 Kiarabu ndiyo lugha ya akili yake. Aliyekuja na miaka saba, Kiarabu ni lugha ya mama yake akilia. Anaweza kutaka somo kwa Kiswidi na anayemjibu awe anaelewa kwa nini hawezi kumwambia baba yake kwamba kafeli. Huo nao ni utamaduni, ingawa haumo kwenye herufi. Aulizwe mwenyewe achague, na akibadili nia katikati aruhusiwe.

Mama Turku, kuhusu siri sina jibu la kukufurahisha. Ninachojua ni kwamba kijana anaweza kuingia kwa jina la kubuni na asiandike majina ya watu, na lazima aambiwe kwa maneno ya kawaida, kabla hajaanza, kwamba kesi yake ya hifadhi haiunganishwi na haya na ni nani hasa anayesoma. Huduma isiyoweza kumwambia hivyo kwa uaminifu isifunguliwe. Kuhusu binti yako, hapa Sweden mtoa huduma anapima ukomavu wa kijana mwenyewe, hakuna umri mmoja wa kukata. Najua wazazi wengi wa kwetu linawauma.

Kuna jambo nyinyi wote hamjaligusa: mahali. Familia ya watu saba, vyumba viwili. Kijana mmoja wa hapa kituoni zoezi lake analifanyia kwenye basi, anakaa nyuma kabisa, anakwenda hadi mwisho wa njia na kurudi. Kitu kinaitwa "matibabu ukiwa nyumbani" kinadhani una nyumba yenye mlango wa kufunga. Ndiyo maana tumeomba kituo kitoe chumba kimoja chenye kompyuta na mlango, saa za jioni, bila kuuliza mtu anafanya nini ndani. Tumejibiwa bajeti haina chumba, ila leseni ya programu ipo.

Msimamo wangu niliowaahidi ndio huo. Anayejibu, chumba, na uhuru wa kuchagua lugha ndivyo vinavyogharimu, na ndivyo vinavyokatwa kwanza. Wahasibu wanataka kununua leseni, wahesabu vijana waliofungua somo la kwanza, waandike kwenye ripoti kwamba wamehudumiwa. Mimi ningehesabu waliojibiwa wiki ya tatu.

DAFTARI LA TAKWIMU

Naunga mkono hesabu ya wiki ya tatu.

MZEE WA BUGURUNI

Nimewasoma wote, na nimelegea kidogo kwenye lile la mkalimani wa mkoa wao. Hilo hata uswahilini lipo.

Sasa nijibuni moja. Kijana ameandika saa nane za usiku kwamba hataki tena kuishi. Nani yuko upande wa pili?

MTU WA ROSENGÅRD (mleta mada)

Usiku huo, mzee, hakuna mtu. Mtaalamu anasoma asubuhi ya siku ya kazi. Kwenye kila ukurasa kunatakiwa kuwe na namba ya dharura, hapa ni 112, na kijana anatakiwa awe ameonyeshwa namna ya kuitumia na lugha ya kuongea nayo.

Majaribio haya, kabla ya kumpokea mtu, humuuliza maswali, na aliye kwenye hatari kubwa ya kujiua haingizwi, anaelekezwa kliniki. Ni sawa kabisa kwa usalama. Lakini maana yake ni kwamba tarakimu nzuri tulizotajiana humu ni za wale wenye hali ya wastani. Walio hali mbaya zaidi walichujwa mlangoni, na wanarudishwa kwenye foleni ileile niliyoanza nayo.

PWANI-NEUKÖLLN

Basi hilo ndilo la kuwabana nalo. Kila kijana wa hali ya wastani aliyesaidika kwa simu ameacha nafasi kliniki. Waonyeshe nafasi hiyo amepewa nani. Hapa kwetu nimeuliza, nikaambiwa masaa ya mtaalamu yamepunguzwa kwa kuwa "mahitaji yameshuka".

NESI WA ARUA

Mahitaji yameshuka! Waje Kiryandongo wayaokote.

MZEE WA BUGURUNI

Mleta mada, hiyo barua ya kuomba chumba iandikeni tena. Safari hii wekeni sahihi za wazazi, na hao maimamu na mapadri mnaowakwepa waombeni watie zao. Mkikataliwa tena mtuletee jibu lao humu tulisome.